Asilimia ya Nani? Mabadiliko ya Jeni ya EGFR katika Saratani ya Mapafu

Madaktari wengi wa saratani wamezoea kuyaita mabadiliko ya jeni ya EGFR ugonjwa wa Waasia. Usemi huo una msingi. Utafiti wa PIONEER, uliochapishwa mwaka 2014, ulipima wagonjwa 1,482 wa adenokasinoma ya mapafu barani Asia, na asilimia 51.4 ya waliopimika walikutwa na mabadiliko hayo. Ulaya kiwango huwa asilimia 10 hadi 15 hivi. Lakini katika utafiti huohuo Vietnam ilifikia asilimia 64.2 na India 22.2. Kwa hesabu hiyo, mgonjwa wa India yuko karibu zaidi na wa Ulaya kuliko na Mwasia mwenzake wa Vietnam. Bara ni kipimo kibovu.

Asilimia ni sehemu, na sehemu ina kiasi na asili. Tunatazama kiasi, tunasahau asili. PIONEER ilihusu adenokasinoma peke yake. Wangeongezwa wagonjwa wa saratani ya seli bapa, ambao ni nadra kuwa na EGFR iliyobadilika, namba ingeshuka bila uvimbe wa mtu yeyote kubadilika. Sigara nayo huchezea hesabu vilevile. Uvimbe wa mvutaji mara nyingi hubeba mabadiliko ya jeni nyingine, KRAS, na ni nadra ya KRAS na ya EGFR kukutwa pamoja. Penye wavutaji wengi, basi, wagonjwa wa KRAS hujaa kwenye asili na asilimia ya EGFR hupungua, ilhali idadi halisi ya wenye EGFR katika jamii inaweza kuwa ileile. Tumbaku haielezi yote, nakubali: hata tukilinganisha wasiowahi kuvuta, Asia Mashariki hubaki juu.

Hili si suala la takwimu tu. Katika jaribio la IPASS la mwaka 2009, wagonjwa walichaguliwa kwa sifa za nje: wakazi wa Asia Mashariki, wenye adenokasinoma, wasiovuta au waliovuta kidogo zamani. Sampuli 437 zilipopimwa, 261 ndizo zilizokuwa na mabadiliko. Waliokuwa nayo na kupewa gefitinibu, dawa inayolenga EGFR, uvimbe ulipungua kwa asilimia 71.2 yao, wasiokuwa nayo, kwa asilimia 1.1 tu, na hao walifaa kuanza na tibakemikali. Wagonjwa wanne kati ya kumi, waliochujwa kwa uangalifu wote huo, walikuwa na sura ya EGFR bila EGFR yenyewe. Upande wa pili, PIONEER iliyakuta mabadiliko hayo kwa asilimia 44 ya wanaume, kundi ambalo mchujo wa macho hulitupa mapema.

Kila mwenye adenokasinoma iliyosambaa apimwe, awe nani na awe anavuta au havuti. Nasi tunaochapisha viwango hivi, kila asilimia tuitaje pamoja na aina ya saratani, historia ya uvutaji, njia ya upimaji na idadi ya sampuli zilizoshindwa kupimika.