Mlango wa Ioni

Gitega, Burundi, mtaani Musinzira kama kwingineko mjini, kidonge chochote ni kinini: cha kichwa, cha minyoo, hata cha shinikizo la damu. Neno hilo lilitoka kwenye kwinini, dawa ya malaria ya magome ya mkwinini, mti uliopandwa kwa wingi milimani Kivu, karibu na Bukavu. Jina la dawa moja limemeza dawa zote. Naanzia hapo kwa sababu kwinini ina habari nyingine, ya moyo.

Mwaka 1914 daktari Mholanzi Karel Wenckebach aliandika juu ya mfanyabiashara ambaye mapigo yake ya moyo yalikuwa yakivurugika. Mtu huyo aligundua mwenyewe kwamba akimeza gramu moja ya kwinini, kesho yake mapigo yanakaa sawa. Mwaka 1918 Walter Frey alionyesha kwamba kwinidini, ndugu wa kwinini kutoka magome yale yale, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini dawa ya kuua vimelea inagusa nini moyoni?

Inagusa protini zilizopachikwa kwenye utando wa seli. Utando huo ni wa mafuta, na ioni, kwa kuwa zina chaji, haziwezi kuupenya. Zinahitaji pa kupitia. Protini hizo ndizo zinazopitisha sodiamu, potasiamu na kalsiamu, kila moja kwa njia yake, na waandishi wetu wengi huziita mifereji ya ioni. Shule za Burundi hufundisha sayansi kwa Kifaransa, na neno la Kifaransa nalo lina maana ya mfereji, kwa hiyo tafsiri hiyo hujileta yenyewe. Wengine husema chaneli, nami hapo hufikiria televisheni.

Napendekeza mlango wa ioni. Mfereji wa shambani uko wazi muda wote. Protini hii hufunguka na kufungika, na kazi yake yote iko katika kujua lini. Mtu wa Mombasa atanijibu kwamba kwake maji ya mfereji ni maji ya bomba, na bomba hufungwa. Ni kweli, ila bomba linangoja mkono wa mtu, na hupitisha chochote kilichomo. Mlango wa ioni huhisi wenyewe mabadiliko ya volti, tena huchagua: wa potasiamu huikataa sodiamu, ingawa ioni ya sodiamu ni ndogo zaidi. Kiswahili nacho kimeshatengeneza nafasi. Tunasema milango ya fahamu kwa macho na masikio, na mlango wa bahari kwa mahali maji yanapopita kati ya nchi mbili. Maana ya kupita na maana ya kufunga zimo katika neno moja.

Tutazame basi pigo moja. Seli ya msuli wa moyo ikitulia, ndani yake huwa hasi kwa takribani milivolti 85 hadi 90 kuliko nje. Milango ya sodiamu hufunguka kwa milisekunde moja au mbili na kujifunga. Kalsiamu hufuata bila haraka, nayo ndiyo inayouamuru msuli ukaze. Mwisho potasiamu hutoka, na seli inarudi ilikokuwa. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo safari hiyo huonekana kama umbali kutoka Q hadi T, karibu sekunde 0.4. Ukizidi sekunde 0.5, milango ya kalsiamu yaweza kufunguka tena kabla ya wakati, na pigo lisilotakiwa likazaliwa. Mfaransa François Dessertenne alieleza mwaka 1966 mvurugiko unaofuata, mawimbi yakijipinda kuuzunguka mstari; mimi nauita msokoto wa ncha. Unaweza kupita wenyewe, au unaweza kuua.

Mlango wa potasiamu unaohusika zaidi huitwa hERG. Ukoo wake ulijulikana kwanza kwa nzi wa matunda waliotikisa miguu wakinusishwa etha, na mtafiti aliyewaona akawapa jina lililotokana na kilabu cha dansi cha Los Angeles. Mzaha huo sasa umo katika majalada ya dawa duniani kote, kwa kuwa molekuli nyingi hunasa katika uwazi wa ndani wa hERG. Kwinidini ni mojawapo. Ikizuia sodiamu hutuliza mapigo. Ikizuia hERG huweza kuyavuruga.

Kwinini, klorokwini na amodiakwini nazo hurefusha QT, kila moja kwa kiasi chake. Amodiakwini pamoja na artesunati ilikuwa tiba ya kwanza ya malaria Burundi tangu 2003, baada ya mlipuko wa 2000 na 2001 uliofika Gitega na Muyinga. Halofantrini ndiyo iliyopita kiasi, ikaachwa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipopima ushahidi mwaka 2016, waliona kwamba dawa zinazopendekezwa, kwa dozi sahihi, zina hatari ndogo sana kwa moyo. Malaria yenyewe ni hatari kuliko hizo. Wa kuangaliwa ni aliyetapika na kuharisha hadi potasiamu ikashuka, au aliyezaliwa na QT ndefu.

Na huyo wa kuzaliwa nayo lazima aulizwe ni mlango gani. Mmoja ana mlango wa sodiamu usiofungika sawasawa. Mwingine ana milango ya hERG michache au isiyofunguka. Urefu wa QT waweza kuwa ule ule. Wa kwanza huenda akasaidiwa na dawa ya kuzuia sodiamu, kama meksiletini. Wa pili huangaliwa potasiamu yake isishuke, na hupewa orodha ya vinini vya kuepuka.