HISTORIA: MSHIPA ULIOKATIKA NA HESABU YA MASAA

Ukiwa Waiyaki Way jioni ya Ramadhan, kila mtu anakimbilia futari, mara utasikia king'ora cha ambulensi nyuma yako na magari hayasongi. Mimi hujiuliza, mle ndani kuna mgonjwa gani? Kama ni mfupa uliovunjika, huenda ukangoja. Kama ni mshipa mkubwa wa damu, hapo hesabu ni nyingine. Mtu anaweza kuishiwa na damu kwa dakika chache tu. Na hata ikizuiliwa, nyama ya mkono au mguu usiopata damu huanza kufa kwa takriban masaa sita.

Nusu ya kwanza ya shida hii wazee wetu waliijua. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalus, aliyefariki karibu mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake Al-Tasrif namna ya kuzuia damu ya mshipa: kuuchoma kwa chuma cha moto, kuukata kabisa ili ncha zijikunyate, kuufunga kwa uzi, au kutia dawa ya kukausha damu. Roho inaokoka. Lakini mkono je?

Mwaka 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alidungwa kisu mjini Lyon. Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini ulikatika, na madaktari waliokuwa naye hawakuwa na njia ya kuushona. Akafa usiku ule ule. Mwanafunzi mmoja wa udaktari mjini humo, Alexis Carrel, hakuridhika. Akaenda kujifunza kushona kwa mwanamke fundi wa kudarizi! (Yaani wale wanaoshona kofia kule Lamu wana undugu na wapasuaji.) Mwaka 1902 akachapisha njia yake ya kuunga mishipa, na 1912 akapewa Tuzo ya Nobel.

Basi elimu ikawepo, ila majeruhi walichelewa. Katika Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Marekani walifika kwa mpasuaji baada ya masaa mengi, mara nyingi zaidi ya kumi, na mshipa ukafungwa tu. Karibu nusu ya hao walikatwa kiungo. Korea, 1950 hadi 1953, helikopta ziliwawahisha, mishipa ikashonwa, na waliokatwa wakashuka hadi kama asilimia 13. Dawa na damu ya kuongezewa zilisaidia pia.

Sisi hapa Westlands tunajua kwamba umbali si kila kitu. Septemba 21, 2013, siku ya Westgate, hospitali za Parklands zilikuwa mwendo wa dakika chache, na bado kuna waliobaki ndani na majeraha ya risasi kwa masaa.

Januari 2018 kijana wa miaka 17 kutoka Kiambu alikatwa mkono na mashine ya kukatia nyasi ya ng'ombe. Madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walichukua takriban masaa saba kuunga mfupa, kano, neva na mishipa, wakaurudisha. Kiungo kama hicho hufungwa kwa kitambaa safi, kikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, halafu mfuko ndio unaowekwa kwenye barafu, maana barafu ikigusa nyama yenyewe inaiharibu. Na jeraha libonyezwe kwa nguvu, bila kuachilia, safari nzima, hata kama magari yamefungana mpaka Kangemi.