Mbunge Wako Aliweka Saini Wapi?

Msikilizaji, fungua redio yako wakati wa Bunge la Bajeti, hutakosa kuyasikia maneno haya: "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Mbunge akishayasema, anaanza kulalamika. Barabara haipitiki, zahanati haina dawa, walimu hawatoshi, maji hakuna. Kengele ikimlilia, anamaliza kama alivyoanza: anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Kisha Spika anahoji, waheshimiwa wanaitikia ndiyo kwa pamoja kama kwaya, na waliosema ndiyo wameshinda.

Nilipita Nyantakara, kule Biharamulo, na mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza redio dukani akaniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo. "Mwanangu," alisema, "huyu anaunga mkono kila kitu. Kuna mahali popote alipowahi kuweka jina lake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu?" Nikamwambia, mzee wangu, swali hilo lina historia yake, na nitalijibu redioni.

Tuanze na utaratibu, kwa ufupi. Katika Bunge letu miswada mingi inaletwa na Serikali. Mbunge asiye Waziri anaruhusiwa kuleta muswada binafsi au hoja binafsi, lakini Ibara ya 99 ya Katiba inamfunga mikono: jambo la kodi, au la kuongeza matumizi ya fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, haliwezi kushughulikiwa mpaka Rais alipendekeze kupitia kwa Waziri. Nani atatunga sheria ya maana isiyogusa fedha? Ndiyo maana historia ya wabunge wetu kuungana na kuweka majina yao chini ya jambo moja haimo sana katika miswada. Imo katika hoja.

Wenzetu wana mazoea mengine. Uingereza, muswada wa mbunge binafsi huandikwa nyuma yake majina ya wanaomuunga mkono, na mwisho ni majina kumi na mawili pamoja na la mwenye muswada. Marekani, Baraza la Wawakilishi halikuruhusu kabisa muswada mmoja uwe na wadhamini wengi mpaka mwaka 1967, liliporuhusu hadi 25. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya sabini, likaondoa kikomo. Mpiga kura wa kule anaweza kuambiwa mbunge wake amedhamini miswada ipi, na mingapi kati ya hiyo ilikufa kimya kimya. Wako wanaoweka saini kwa ajili ya picha tu, hilo lipo. Lakini hata saini ya picha ina mwenyewe.

Hapa kwetu, saini zilizotikisa nchi ni za mwaka 1993.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Vyama vingi viliruhusiwa tangu Julai 1992, lakini Bunge lilikuwa lile lile lililochaguliwa mwaka 1990 chini ya chama kimoja. Kila mbunge alikuwa CCM. Hapakuwa na upinzani wa kuulaumu. Mwishoni mwa 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, na wabunge wengi wa Bara wakahoji: sehemu ya Muungano inawezaje kujiunga na jumuiya ya mataifa peke yake? Zanzibar ilijitoa Agosti 1993, lakini moto ulikwisha kuwaka. Na kabla ya hapo Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoshughulikia suala la vyama vingi, ilikuwa imependekeza shirikisho la serikali tatu, pendekezo ambalo Serikali haikulikubali.

Ndipo mbunge wa Lupa, Njelu Kasaka, na wenzake wakaleta hoja ya kutaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Walihesabiwa 55, wakaitwa G55, na jina hilo limebaki mpaka leo. Mmoja wao alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi mwenzetu.

Hapa naomba tutulie kidogo. Mimi sizungumzii kama serikali tatu ni nzuri au mbaya. Kwa mtu wa Nyantakara au wa Ngara, ambaye miezi minane tu baadaye, Aprili 1994, aliona wakimbizi wa Rwanda robo milioni wakivuka Rusumo katika muda wa siku moja, idadi ya serikali pengine halikuwa jambo la kumkosesha usingizi. Ninalozungumzia ni lile tendo. Wabunge wa chama tawala, bila Waziri kuwatuma, walijua sera ya chama chao ni serikali mbili, na bado wakaandika majina yao kwenye jambo la kuipinga. Mbunge aliyesimama siku hiyo hakuweza baadaye kuwaambia wapiga kura kwamba sauti yake ilimezwa na kwaya.

Tena walijua chama kinaweza kufanya nini. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa uanachama, wakiwamo wawili wa huku kwetu Ziwa Magharibi, ambayo ndiyo Kagera, na kufukuzwa chamani siku zile kulikuwa ni kupoteza kiti.

Serikali ya Waziri Mkuu John Malecela kwanza iliipinga hoja, kisha ikageuka. Agosti 1993 Bunge zima likapitisha azimio lililofanyiwa marekebisho, na hakuna aliyepinga. Angalia ajabu hiyo: waliothubutu kuandika majina walikuwa 55, lakini upepo ulipogeuka, wote wakawa upande mmoja. Mwalimu Nyerere alikasirika. Aliandika kitabu kizima, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, na lawama zake nzito hakuwatupia wale 55. Aliwatupia Malecela na Katibu Mkuu wa CCM, Horace Kolimba, kwa kugeuka bila kukiuliza chama. Mwaka 1994, chama kilipokwisha kuwauliza wanachama wake, Bunge lile lile likarudi kwenye serikali mbili. Desemba mwaka huo Cleopa Msuya akachukua nafasi ya Malecela.

Saini zilirudi tena Aprili 2012. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ilikuwa imewachoma mawaziri, na Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa CHADEMA, akaanza kukusanya majina ya kumpigia Waziri Mkuu Mizengo Pinda kura ya kutokuwa na imani. Katiba inataka hoja hiyo iungwe mkono na asilimia 20 ya wabunge, na kwa hesabu ya Bunge lile walihitajika 70. Walipatikana. Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kwa tiketi ya CCM, aliweka saini hadharani. Hoja haikufika mezani, lakini Mei Rais Kikwete alivunja safu na mawaziri kadhaa wakaondoka. Karatasi ya majina ilifanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuifanya.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa Nyantakara. Jimbo la Biharamulo Magharibi halijalala. Mwaka 2005 lilimchagua Phares Kabuye wa TLP. Alipofariki mwaka 2009 uchaguzi mdogo ukampa kiti Oscar Mukasa wa CCM. Mwaka 2010 likamchagua Dk. Anthony Mbassa wa CHADEMA, na 2015 likamrudisha Mukasa. Vyama vitatu katika miaka kumi! Wananchi hawa wanajua kubadilisha. Lakini kampeni zote nilizozisikia huko, majukwaani walihesabu visima na madawati. Sikumsikia hata mmoja akiulizwa jina lake liko chini ya hoja gani.

Na mambo hayo hayajaelekea kuwa wazi zaidi. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokaa Dodoma chini ya Samuel Sitta, swali lilikuwa lile lile la akina Kasaka, serikali mbili au tatu. Wajumbe walivutana kwa siku nyingi kama kura iwe ya wazi au ya siri. Mwisho wakaafikiana kwamba kila mjumbe achague mwenyewe: anayetaka aonekane, na anayetaka ajifiche.