Hewa ya Baridi na Habari za Nyumbani: Maisha ya Wazungu Iringa na Mbeya, 1896–1958

Mwaka 1903 kilitoka Berlin kitabu cha Magdalene von Prince, mke wa Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyeanzisha boma la Iringa mwaka 1896. Ni kumbukumbu za mama wa nyumba aliyejikuta katikati ya vita. Humo mna bustani, watumishi, wageni waliopita na homa zilizokuja na kwenda. Humohumo mna msako wa Mkwawa, mtawala wa Uhehe aliyewapinga Wajerumani, ambaye kichwa chake kilitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Mpangile, nduguye Mkwawa, alisimikwa na Wajerumani mwishoni mwa 1896, na miezi miwili tu baadaye wakamnyonga kwa madai kwamba alimsaidia kaka yake kwa siri. Wasomaji wa Ujerumani walikisoma kitabu hiki kama habari za nyumba ya Prince. Kwangu mimi, thamani yake kubwa ni kwamba kinatupa pia, bila mwandishi wake kukusudia, habari za nyumba ya Munyigumba, baba yao Mkwawa na Mpangile, katika miaka ambayo nyumba hiyo ilikuwa ikivunjwa.

Uandishi wa namna hii, wa habari za watu na nyumba zao, ulikuwa desturi huko Ulaya. Katika miji ya chemchemi za tiba kama Baden-Baden na Karlsbad, magazeti yalichapisha orodha za wageni: nani amewasili, ametoka wapi, amefikia hoteli gani. Watu walikwenda kuoga na kunywa maji ya dawa, lakini walikwenda pia kuonana, kuposana na kupashana habari. Wazungu waliopanda nyanda zetu za juu walikuja na tabia hiyo, ila dawa waliyoitafuta ilikuwa hewa. Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, Mbeya 1,700, na Mufindi imezidi hapo. Boma la Iringa lilipoanzishwa, daktari Ronald Ross alikuwa bado hajagundua vimelea vya malaria ndani ya mbu, ugunduzi uliofungua njia ya kuthibitisha kwamba mbu ndiye anayeeneza ugonjwa huo. Alifanya hivyo mwaka uliofuata, 1897. Wengi waliamini kwamba ugonjwa unatokana na hewa mbaya ya mabondeni na pwani, kwa hiyo baridi ya Uhehe ilionekana kuwa tiba yenyewe. Maji ya moto nayo yalikuwapo. Chemchemi za Songwe, magharibi ya Mbeya, zinabubujika mpaka leo, na wenyeji walizijua kabla ya Mzungu yeyote kufika. Lakini hapakuota mji wa kuogea. Kilichothaminiwa pale na wageni ni mawe ya chokaa yaliyojengwa na maji hayo kwa karne nyingi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakiwa wameshika nchi, hewa hiyo iligeuka hoja ya kisiasa. Mwaka 1925 Lord Delamere, kiongozi wa masetla wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu akiwa na ndoto ya mlolongo wa ardhi ya Wazungu kutoka Kenya hadi Nyasaland na Rhodesia. Ndoto hiyo haikutimia, lakini masetla walikuja: Wajerumani waliorejea na kupanda chai Mufindi, Waingereza wa Sao Hill, na baadaye Wagiriki wa tumbaku ya Iringa. Huko Lupa, kaskazini ya Mbeya, dhahabu ilikuwa imeshavuta watafutaji, na Mbeya ikakua kwa sababu yao.

Shamba moja lilikuwa mbali na jingine, na mvua za masika ziliharibu barabara kwa majuma. Ndiyo maana klabu ilikuwa muhimu kupita kiasi. Sao Hill, Mufindi, Iringa na Mbeya watu walisafiri kutwa nzima kwa gari kwenda kucheza tenisi, kula Krismasi pamoja na kuonyeshana watoto waliozaliwa. Mwaka 1932 Imperial Airways ilifungua njia ya ndege kutoka London mpaka Cape Town, na Mbeya ikawa mojawapo ya vituo vyake. Barua ya London iliyokuwa ikisafiri kwa meli, kisha treni, kisha lori, sasa ilifika baada ya wiki moja hivi. Bibi aliye Uingereza akajua kwamba mjukuu amezaliwa kabla mtoto hajatimiza mwezi.

Hapa ningependa tutulie kidogo, kwa sababu miaka hiyohiyo barua nyingine zilikuwa zikisubiriwa. Wanaume wa Ubena, Ukinga na Uhehe walikwenda kwa maelfu kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mke aliyebaki Njombe na shamba, watoto na wazee alingoja mtu atakayerudi na salamu, au barua iliyoandikwa na mwenzake aliyesoma misheni na kusomwa kwa sauti na mtoto wa jirani anayejua herufi. Wapo waliokaa miaka bila kujua kama wao ni wake au wajane. Wakati huo yaya alilala nyumbani kwa setla akimbembeleza mtoto wa mwingine, na mpishi na dobi walikuwa wa kwanza kujua nani mgonjwa na nani amegombana na mumewe. Wao ndio waliojua habari zote za familia, na wao ndio ambao barua za masetla ziliwataja kwa jina moja tu, au kwa kazi yao.

Mwaka 1939 vita vilipoanza, Wajerumani wa Mufindi walikamatwa na mashamba yao yakachukuliwa. Kisha wakaja Wazungu wa namna nyingine kabisa. Wapolandi waliokuwa wamehamishiwa Urusi kwa nguvu na kutolewa huko kupitia Iran walianza kufika Afrika Mashariki mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha. Katika nyanda za juu walipewa Ifunda na Kidugala. Kwa wenyeji ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wanawake wa Kizungu wasio na shamba, wasio na nchi ya kurudi. Walijenga makanisa na shule, wakaoa na kuolewa, wakabatiza, wakazika. Makaburi yao yapo mpaka leo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walitawanyika, wengi Uingereza, Kanada na Australia, na mwaka 1951 Ifunda ikafunguliwa shule ya ufundi.

Jamii ya klabu nayo haikuwa na kauli moja. Lady Chesham, Mmarekani aliyeolewa na lodi wa Kiingereza na kuishi Uhehe, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 akiungwa mkono na TANU, chama kilichopigania uhuru, jambo lililowachukiza baadhi ya majirani zake. Karibu na wakati huo ilifunguliwa Iringa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's. Uhuru ukaikuta ingali changa, ikageuzwa kuwa Shule ya Sekondari Mkwawa, na leo ni chuo kikuu kishiriki.

Upande mmoja wa historia hii umehifadhiwa vizuri, kwa vitabu na barua. Upande wa pili umo vichwani mwa watoto na wajukuu wa mayaya, wapishi na manamba, na waliokuwa watoto mwaka 1942 sasa wamepita miaka 80. Jengo la Iringa linaloitwa leo Boma, lililojengwa na Wajerumani baadaye liwe hospitali ya jeshi, tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Wanafunzi wa historia wa chuo cha Mkwawa wako umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo. Wapewe vinasa sauti na nauli ya kufika Ifunda, Kidugala, Sao Hill na Chunya kwenye dhahabu ya Lupa, na wanachokusanya kiwekwe katika jengo hilo, kwa majina kamili ya wanaosimulia na ya wazazi wao.