Kigimbi cha Baba

Neno letu la leo ni kigimbi: ile nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti. Kwenu labda mwasema shavu la mguu. Mimi nililijua neno hili utotoni hapa Doha, Ijumaa moja Baba alipoletwa nyumbani akiwaegemea wenzake wawili.

Walikuwa wakicheza mpira, Wakenya watupu, kwenye kiwanja cha vumbi. Baba alichomoka kuufuata mpira, akasikia "paa!" nyuma ya mguu. Akageuka kugombana na beki: "Mbona wanipiga teke?" Nyuma hapakuwa na mtu. Rafiki zake, ambao sisi tunawaita ami, mpaka leo wakikisimulia kisa hicho huchekana.

Kumbe kisa chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1883 daktari aitwaye Powell aliandika katika jarida la Lancet kuhusu "mguu wa tenisi". Wagonjwa wa jeraha hili husema yaleyale: nilidhani nimepigwa jiwe. Kwa kuwa hawakuweza kuona ndani, madaktari kwa miaka mingi walikilaumu kijimsuli kiitwacho plantarisi, chembamba, chenye ukano mrefu kama uzi. Watu wengine hata hawanacho.

Baba naye, kwenye zahanati moja, aliambiwa hivyohivyo: mshipa mdogo umekatika, wiki moja utapona. Alikuwa mlinzi, kazi ya kusimama saa 12. Wiki ikaisha, akarudi kazini. Kigimbi kikachanika tena, na tena. Leo akipanda ngazi hutanguliza mguu mmoja tu.

Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha picha iliyotengenezwa kwa sumaku na mawimbi ya redio. Ilionyesha mirija miwili ya maji, basi. Mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield walipata Tuzo ya Nobel. Maji ndiyo siri ya MRI. Sumaku hupanga viini vya haidrojeni vilivyo katika maji ya mwili, redio huvitikisa, na mashine husikiliza vinavyojibu. Msuli ukichanika, maji na damu huvujia pale, na kwenye picha iliyopigwa kwa namna maalumu sehemu hiyo hung'aa nyeupe.

Vigimbi vilipoanza kutazamwa kwa ndani, plantarisi ikasafishwa jina. Utafiti wa ultrasaundi wa mwaka 2002 uliangalia wagonjwa 141 wa mguu wa tenisi. Plantarisi ilikuwa imekatika kwa wawili tu. Kwa 94, kilichochanika ni kichwa cha ndani cha gastroknemiasi, ule msuli mkubwa unaoonekana kwa nje. MRI ikazama zaidi, ikaonyesha kwamba soleasi, msuli bapa uliojificha chini yake, huumia mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Soleasi mara nyingi haisemi "paa". Unahisi mguu umekaza tu, unaendelea kukimbia.

Najua, maana ndivyo nilivyofanya mwenyewe pale Corniche nikiwa na miaka 34. Kwenye picha yangu jeraha lilionekana kama unyoya mweupe.

Sasa sikiliza hii. Aspetar, hospitali ya wanamichezo iliyofunguliwa hapa Doha mwaka 2007, ina mashine na wataalamu. Lakini mwaka 2015 watafiti wake walichapisha matokeo ya wanamichezo wanaume 180 walioumia misuli ya nyuma ya paja. Daktari akishamhoji mgonjwa na kumkagua kwa mikono, MRI iliongeza kama asilimia 3 tu katika kueleza nani atarudi uwanjani lini. Ni paja, si kigimbi, lakini funzo nalichukua: picha hukwambia wapi pameumia. Mengine sharti uyaulize.

Nilimwonyesha Baba ule unyoya. Akautazama kitambo, akanirudishia simu.

"Picha nzuri, mwanangu. Lakini mimi hakuna aliyeniuliza nasimama saa ngapi kwa siku."