Waliotangulia kutolewa: ugomvi ndani ya chama tawala cha Burundi

Wiki hii zamu ya historia imeniangukia mimi. Kabla sijaanza nikumbushe kitu: kambini siasa hairuhusiwi, sote tunajua. Kwa hiyo sitamwambia mtu ampende nani au amchukie nani. Nitaandika mambo yaliyokwisha kutokea, ambayo mengi yalitangazwa redioni mchana kweupe.

Wadogo zetu waliozaliwa huku wanauliza swali moja kila mara: kwa nini tulikimbia? Ukimuuliza mzee mmoja atakujibu ni ukabila, kama 1972, kama 1993. Ukisoma karatasi za mashirika utakuta mstari mmoja tu: mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, Aprili 2015. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini kuna kitu kinarukwa, na kikirukwa hicho hata suala la kurudi nyumbani huwezi kulipima vizuri. Moto wa 2015 ulianzia ndani ya chama chenyewe, CNDD-FDD, kati ya watu waliokula sahani moja. Na haukuwa wa kwanza.

Turudi nyuma kidogo. CNDD ilianzishwa 1994 na Léonard Nyangoma, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 na nchi kuingia vitani. FDD lilikuwa jeshi lake la porini. Mwaka 1998 Nyangoma akapinduliwa na kamanda wake, Jean-Bosco Ndayikengurukiye. Mwaka 2001 naye Ndayikengurukiye akang'olewa, akaingia Nkurunziza, mtu aliyekuwa akifundisha michezo chuo kikuu kabla ya kwenda porini. Kila mara aliyeshindwa aliondoka na wafuasi wake akaendelea na kachama kake pembeni. Hakuna aliyeshindwa akabaki ndani, akakaa kiti cha nyuma na kungoja mkutano mwingine. Porini labda hiyo inaeleweka, kwa sababu ukimwacha nyuma mtu mwenye bunduki na hasira unalala jicho moja wazi. Tatizo ni kwamba tabia hiyo waliingia nayo mjini.

Mwaka 2005 chama kilishinda uchaguzi na Nkurunziza akawa rais kwa kura za Bunge. Lakini wakati ule ukimuuliza mtu wa Bujumbura nani anaongoza nchi, wengi wangekutajia Hussein Radjabu, mwenyekiti wa chama. Septemba 2006 Makamu wa Pili wa Rais, Alice Nzomukunda, alijiuzulu akilalamika kwamba mwenyekiti anaingilia kazi za serikali. Rais na mwenyekiti hawakuweza kuendelea hivyo. Tarehe 7 Februari 2007 mkutano mkuu wa chama ulifanyika Ngozi, Radjabu akaondolewa. Aprili mwaka huohuo kinga yake ya ubunge ikafutwa, akakamatwa. Aprili 2008 akahukumiwa miaka 13 kwa kula njama dhidi ya usalama wa taifa. Katika mashtaka kulikuwa pia na kumtukana rais, kwamba alimfananisha na chupa tupu. Watu walicheka sana kuhusu ile chupa. Miaka 13 si kichekesho lakini.

Sasa hapa ndo naomba msome polepole, maana ndo kiini cha maneno yangu.

Radjabu alikuwa na watu wake bungeni. Wabunge 22 walisimama upande wake, wakajitenga na uongozi mpya, na chama kikapoteza wingi wake. Bunge likakwama, sheria hazipiti. Kungekuwa na njia nyingi: kukaa chini, kukubaliana na upinzani, hata kurudi kwa wananchi. Tarehe 30 Mei 2008 Spika wa Bunge, Pie Ntavyohanyuma, aliandika barua kwenda Mahakama ya Katiba akiuliza kama wale 22 bado ni wabunge halali. Wiki moja haikuisha. Tarehe 5 Juni Mahakama ikajibu kwamba wanakalia viti kinyume cha katiba. Hoja ilikuwa hivi: kiti walikipata kupitia orodha ya chama, chama hawako nacho tena, basi kiti hawana. Wakatolewa, wakaingizwa wengine, Bunge likaanza kwenda.

Kwa wakubwa wa chama siku ile ilikuwa ushindi. Fikirini lakini kilichotengenezwa pale. Kuanzia siku hiyo mbunge yeyote wa CNDD-FDD alijua kwamba akitofautiana na wakubwa, kiti chake hakilindwi na wananchi waliompigia kura. Na kila mtu alijua Mahakama ya Katiba ikiulizwa swali na wenye nguvu inajibu haraka. Waliokuwa wamebaki ndani walinyamaza. Wengi wao walikuwa watu wasomi, watu wazuri tu. Walinyamaza kwa sababu aliyekuwa anatolewa ni Radjabu, na Radjabu kwa kweli hakupendwa na wengi.

Sitatembea miaka yote ya katikati. Mwaka 2010 upinzani ulisusia uchaguzi uliobaki baada ya ule wa komini, chama kikabaki peke yake uwanjani. Vijana wake, Imbonerakure, wakaanza kuonekana vijijini wakifanya kazi za polisi. Wengi wenu mnakumbuka, sihitaji kueleza.

Tukaja kwenye manda ya tatu, kama tulivyozoea kuiita. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalisema hakuna rais atakayetawala zaidi ya mihula miwili. Katiba ya 2005 ilisema rais anachaguliwa na wananchi wote kwa miaka mitano, na anaweza kurudia mara moja. Watu wa Nkurunziza wakasema: 2005 alichaguliwa na Bunge, si wananchi, kwa hiyo ule muhula hauhesabiwi. Wapinzani wakasema hapana, muhula ni muhula. Machi 2014 serikali ilijaribu kubadilisha katiba bungeni, ikakosa kwa kura moja tu. Kura moja! Ina maana hesabu ilikuwa imeshaanza kukataa.

Februari 2015 Jenerali Godefroid Niyombare, mkuu wa idara ya ujasusi, alimwandikia rais akimshauri asigombee. Niyombare hakuwa mtu wa nje. Alikuwa porini pamoja na Nkurunziza, akawa mkuu wa majeshi, akawa balozi Kenya. Kwenye ujasusi alikuwa na miezi mitatu hivi tu. Tarehe 18 Februari akafukuzwa kazi. Machi makada wenye majina wakatia saini barua ya kumwomba rais asigombee. Miongoni mwao alikuwamo Léonidas Hatungimana, msemaji wa rais mwenyewe, na Onésime Nduwimana, aliyewahi kuwa msemaji wa chama. Waliitwa frondeurs, yaani waasi wa ndani. Wakafukuzwa mmoja mmoja. Na mwanzoni mwa mwezi huohuo Radjabu alikuwa ametoroka gereza la Mpimba, akiondoka pamoja na baadhi ya walinzi. Mtu aliyetolewa 2007 anarudi barabarani wakati wenzake waliobaki ndo wanatolewa. Huwezi kuitunga hadithi kama hiyo.

Tarehe 25 Aprili mkutano mkuu ukampitisha Nkurunziza. Wasiokubali walikuwa wameshatolewa, kwa hiyo kule ukumbini hakukuwa na kazi kubwa. Kesho yake, Jumapili, vijana wakaingia barabarani Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na kwingineko, polisi nao wakaanza kupiga risasi. Swali la muhula likapelekwa Mahakama ya Katiba, ileile. Mwanzoni mwa Mei ikajibu kwamba rais anaweza kugombea. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikataa kutia saini, akakimbilia Rwanda, akasema majaji wametishiwa.

Tarehe 13 Mei Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam kwenye kikao cha marais wa Afrika Mashariki. Niyombare akatangaza redioni kwamba amemwondoa madarakani. Watu wakacheza barabarani siku moja. Kufikia tarehe 15 mapinduzi yalikuwa yameshindwa, redio binafsi zimechomwa na kubomolewa, rais amerudi. Waliotaka kumzuia ndani ya chama walikuwa wamefungiwa kila mlango, na mmoja wao akajaribu kuvunja ukuta kwa vifaru. Mimi simsifu. Mapinduzi yake ndiyo yaliyowapa wakubwa sababu ya kumwita kila mwandamanaji mpinduaji, na bei ikalipwa na watoto wa mitaani waliokuwa hawamjui.

Mnajua kilichofuata kwa sababu nyie ndo mlikuwamo. Kijiji cha Kagunga, mlima nyuma, Ziwa Tanganyika mbele, makumi ya maelfu ya watu wamelala kwenye mchanga. Kipindupindu. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ikibeba watu kama 600 kwa safari kwenda Kigoma, halafu uwanja wa mpira, halafu mabasi ya Nyarugusu. Mimi nilikuwa na miaka 14. Mama yangu hakuwahi kushika kadi ya chama chochote maishani mwake. Kufikia 2017 wakimbizi wa Burundi katika nchi jirani walipita 400,000, na naamini wengi wao walikuwa kama mama: hawakuhudhuria mkutano hata mmoja kati ya hiyo niliyoitaja.

Lakini ngoja nimalizie habari ya Spika, wengi hawaijui. Juni 2015 Makamu wa Pili wa Rais, Gervais Rufyikiri, alitangaza kutoka Ubelgiji kwamba amekimbia. Siku chache baadaye, tarehe 28 Juni, siku moja kabla ya uchaguzi wa wabunge, akatangaza mwingine kwamba naye amekimbilia Ubelgiji kwa kupinga muhula wa tatu. Alikuwa Pie Ntavyohanyuma. Yule aliyeandika barua ya 2008. Alipotaka kusema hapana alikuta hakuna mbunge wa chama anayelindwa kwa kusema hapana, na mahakama imeshazoea. Siandiki hivi kumcheka. Kukataa siku ile kulihitaji ujasiri na alipoteza nchi yake kama sisi. Ila mlango aliousukuma kuwatoa wale 22 ndo huohuo aliopitia yeye, na nyuma yake tukapita sisi na magodoro kichwani.

Wapo wanaosema hayo ni ya zamani, Nkurunziza amefariki, mambo yamebadilika. Kweli, yako yaliyobadilika. Nkurunziza, ambaye chama kilikuwa kimempa jina la Imboneza Yamaho, alifariki Juni 2020, wiki chache baada ya Évariste Ndayishimiye kuchaguliwa. Kwa katiba Spika, Pascal Nyabenda, ndiye aliyepaswa kukaimu. Mahakama ya Katiba ikaulizwa, ikajibu ndani ya siku chache kwamba hakuna haja, Ndayishimiye aapishwe mara moja. Akaapishwa tarehe 18 Juni. Safari hii jibu liliepusha vurugu, nakubali. Angalieni tu namna lilivyopatikana.

Septemba 2022 rais alionya hadharani kwamba kuna watu wanataka kumpindua. Siku chache baadaye akamfukuza Waziri Mkuu wake, Jenerali Alain-Guillaume Bunyoni, mmoja wa watu wazito kabisa wa porini. Aprili 2023 akakamatwa. Desemba 2023 akahukumiwa kifungo cha maisha, na katika makosa kulikuwa na kuhatarisha usalama wa taifa, kumtukana rais, na kutumia uchawi dhidi ya maisha yake. Wengi hapa kambini walifurahi, na najua sababu, maana Bunyoni alikuwa waziri wa usalama mwaka ule wa 2015. Mimi furaha hiyo naiogopa kidogo. Soma tena mashtaka ya Radjabu ya 2008 uyaweke pembeni.

Na Juni 2025 CNDD-FDD ilipata viti vyote 100 vilivyogombewa bungeni, kwa zaidi ya asilimia 96 ya kura. Upinzani hauna hata kiti kimoja. Siku hizi kila nyumba hapa inajadili kurudi au kutorudi, na watu wanauliza kama barabara ni salama, kama shamba bado lipo, kama kuna mgao wa kurudia. Yote ni ya kuuliza. Mimi naongeza moja kwenye orodha: wakubwa wa chama wakigombana tena, na sasa hakuna bungeni wa kugombana naye isipokuwa wao kwa wao, anayeshindwa atabaki na kiti chake, au tutasikia tena kwamba ametolewa?

Mwenye tarehe nisizoziweka, au aliyekuwa Ngozi au Bujumbura siku hizo, anikute maktaba baada ya saa kumi jioni. Daftari la kikundi lina nafasi. Wiki ijayo dada wa zoni ya pili anaandika kuhusu Wakongo waliotutangulia hapa Nyarugusu tangu 1996.