Ushahidi wa Panya na Sumu ya Msunguti

Imekuwa ada katika uchunguzi wa miti-shamba ya nchi yetu, pamoja na ile ichumwayo katika milima ya Taita na nyika za Voi, kwamba mtafiti hukausha magome, akayaloweka katika methanoli, akamdunga panya wa maabara sindano ya tumbo, na akimwona ametulia, halambi tena unyayo uliotiwa formalini, hutangaza kuwa mti ule una taathira njema kwa mishipa ya fahamu. Kwamba mimea huzaa dawa za neva hakuna abishaye, maana mofini ilitoka katika afyuni. Nilipingalo ni kuifanya dalili hiyo moja kuwa burhani.

Hoja yangu naitegemeza juu ya msunguti, mti uliojulikana sana na wenyeji wa Tsavo zamani kabla ya mbuga hiyo kutangazwa mwaka 1948. Wawindaji wa Kiwaata waliutokosa kwa saa nyingi hata maji yakawa utomvu mweusi mfano wa lami, wakaupaka mshale nyuma ya kigumba, kisha wakauzinga kwa ukanda wa ngozi laini usije ukakauka; na mshale huo ulimwangusha ndovu, ilhali nyama yake ililiwa pasipo dhara, kwa kuwa sumu ile ikipita tumboni hupenya kwa uchache mno, bali ikiingia katika damu hufisha.

Kiini chake ni uabaini, aliyoitenga Mfaransa Arnaud mwaka 1888, nayo huziba ile pampu ya seli itoayo sodiamu na kuingiza potasiamu, ambayo Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957 kwa kuchunguza neva za kaa, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Pampu hiyo ina namna mbalimbali: iliyo katika moyo wa panya huistahimili uabaini kupita kiasi cha mwanadamu, lakini namna nyingine, iliyo katika neva za ubongo wake, haiistahimili, hata sumu ikitiwa ubongoni panya hutaharuki asitulie. Basi mtafiti asiyepata habari za wawindaji, lau angelimtegemea panya peke yake, yamkini angelikadiria kuwa cha salama kipimo kinachoweza kumwua mtu.

Watasema kwamba dawa nyingi za kifafa zilipatikana kwa kumjaribu panya. Ni kweli, ijapokuwa fenitoini, iliyo mashuhuri miongoni mwazo, ilidhihirishwa na Merritt na Putnam katika miaka ya 1930 kwa paka. Na hizo zote zilikuwa vitu safi vyenye kipimo maalumu, si mchanganyiko wa magome. Fauka ya hayo, panya aliyelewa sumu naye hutulia, na asipowekwa juu ya fimbo izungukayo ikaonekana kama aweza kujishika, hatutambui kama amepoa maumivu au ameishiwa nguvu.

Kwa hiyo wachunguzi wa miti ya Taita, wakiwamo wa chuo kikuu kilichoko Voi, yawapasa kuipika dawa kama aipikavyo mganga, kuinywesha pale anaponywesha, na kuijaribu kwa wanyama wa jinsi zaidi ya moja. Maadamu hayo hayajatimizwa, aghalabu ya matokeo tuliyo nayo hayatuambii kitu juu ya mgonjwa. Yatuambia habari za panya tu.